Mtihani wa Wauza Dawa wa London: Ulikuwa kwa Faida ya Nani?



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike jambo la historia, kwa kuwa ndilo somo nililolishika hapa shuleni na kuendelea nalo Chuo Kikuu, kabla sijaingia katika utumishi wa serikali. Nimechagua habari ambayo huenda ikaonekana kuwa mbali nasi: jinsi wauza dawa wa mji wa London walivyofunzwa na kutahiniwa katika karne ya 17 na ya 18. Yafaa nieleze kwanza kwa nini nimeichagua.

Sisi tuliosoma hapa katika miaka ya tisini twaikumbuka foleni ya zahanati ya shule. Mwenye homa alipewa klorokwini, akaimeza mbele ya muuguzi, kisha akajikuna usiku kucha. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza kama vidonge vile vilikuwa vya kweli. Uchungu wake ulitutosha kuwa ushahidi.

Miaka michache iliyopita mwanangu wa pili alishikwa na homa usiku, nikakimbilia duka la dawa lililo karibu na nyumbani. Kijana niliyemkuta alinipa kasha la vidonge, nikalipa, nikamshukuru. Siku ya tatu homa ilikuwa palepale. Hospitalini daktari aliniomba nimwonyeshe lile kasha, akalielekeza dirishani, akanionyesha kwamba tarehe ya mwisho wa dawa ilikuwa imekwanguliwa na nyingine kuandikwa juu yake. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Nilipokwenda kuuliza dukani niliambiwa kwamba kijana yule alikuwa akimshikia duka mjomba wake, wala hakupata kufundishwa lolote juu ya dawa. Nami, pamoja na shahada yangu, nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake nikiwa sijui chochote, kama mtu asiyejua kusoma.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli kwa embe na samaki, maana embe utalibonyeza na samaki utamnusa. Kwa dawa sivyo. Mgonjwa hawezi kuipima dawa kwa macho wala kwa ulimi, na akija kujua kwamba ni mbovu mara nyingi amekwisha chelewa. Hapana budi awepo mtu wa kuipima kwa niaba yake, na mtu wa kumpima anayeiuza. Ndiyo asili ya mtihani wa wauza dawa.

Mwalimu wetu wa historia, ambaye wengi mtamkumbuka kwa fimbo yake ya kuonyeshea ramani, alituambia kwamba tukikuta sheria yoyote tusiishie kuuliza inasema nini, bali tuulize pia ni kwa faida ya nani. Swali hilo nitalichukua niende nalo London.

Walitoka katika duka la viungo

Jina walilokuwa wakiitwa wauza dawa katika lugha za Ulaya latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya bohari. Kwa asili, basi, walikuwa watunza bohari. Katika mji wa London hawakuwa na chama chao wenyewe. Walikuwa ndani ya Chama cha Wauza Viungo, pamoja na wafanyabiashara wa pilipili manga, mdalasini na sukari.

Hili si jambo la kushangaza, kwa sababu vitu vilivyotiwa katika chungu cha mchuzi vilikuwa mara nyingi ndivyo vilivyotiwa katika kinu cha dawa. Vingi vilisafiri kutoka mashariki kupitia Bahari ya Hindi, na baadhi yake twavijua hata leo katika maduka ya mitaa yetu ya pwani: ubani, manemane, mvuje, zafarani. Shubiri iliyosifiwa kuliko zote iliitwa kwa jina la kisiwa cha Sokotra, karibu na Pembe ya Afrika. Karafuu nazo zilikuwamo, lakini wakati huo zilitoka Visiwa vya Maluku, maana Unguja na Pemba hazikuanza kulima karafuu mpaka karne ya 19.

Wala kazi ya kumchunguza mwuza dawa haikuanzia Uingereza. Katika miji ya Waarabu alikuwapo muhtasibu, msimamizi wa soko, ambaye pamoja na kukagua mizani na vyakula alikagua pia dawa. Mjini Kairo, mwaka wa 1260, mwuza dawa mmoja wa Kiyahudi aitwaye Kuhin al-Attar aliandika kitabu cha kazi yake alichokiita Minhaj al-Dukkan, yaani Mwongozo wa Duka. Neno lile “dukkan” ndilo neno letu “duka”, na kitabu chake kilisomwa na wauza dawa kwa karne nyingi. Katika karne hiyo hiyo ya 13 Mfalme Frederick wa Pili alitoa sheria huko kusini mwa Italia ya kuitenga kazi ya tabibu na kazi ya mtengeneza dawa, ili aandikaye dawa asishirikiane faida na aiuzaye.

Hati ya mwaka 1617

Matabibu wa London walipata chuo chao mwaka wa 1518. Mwaka wa 1540 Bunge likawapa uwezo wa kuingia katika maduka ya dawa ya mji huo, kukagua, na kuchoma moto au kuharibu dawa zilizoonekana kuwa mbovu. Hivyo kwa muda mrefu wauza dawa walikuwa na mabwana wawili, matabibu juu ya ufundi wao na wauza viungo juu ya biashara yao.

Baadhi yao waliona kwamba hali hiyo haifai. Kiongozi wao alikuwa Gideon de Laune, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti aliyehamia Uingereza kutoka Ufaransa. De Laune alikuwa mtengeneza dawa wa Malkia Anne, na matabibu wakubwa wa jumba la kifalme walimwunga mkono, miongoni mwao Théodore de Mayerne na Henry Atkins. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: mtu aliyefunzwa kuuza sukari na zabibu hawezi kumhukumu anayechanganya afyuni na zebaki. Tarehe 6 Desemba, 1617, Mfalme James wa Kwanza alitia muhuri hati ya kuanzisha Chama cha Wauza Dawa wa London. Wauza viungo walichukizwa, wakalalamika hata Bungeni. Mwaka wa 1624 Mfalme aliitetea hati yake, akieleza kwamba wauza viungo ni wachuuzi tu, lakini kazi ya dawa ni ufundi wenye siri zake.

Mwaka uliofuata ile hati, yaani 1618, Chuo cha Matabibu kilitoa kitabu cha dawa kilichoitwa Pharmacopoeia Londinensis. Ndani yake ziliandikwa dawa zinazokubaliwa na namna ya kuzitengeneza, na Mfalme akaamuru wauza dawa wa Uingereza wakifuate. Tangu hapo mtahini alikuwa na kipimo kilichoandikwa, na mtahiniwa hakuweza kujitetea kwa kusema kwamba kwa bwana wake walifanya vingine.

Miaka saba ya kinu na mchi

Kijana aliyetaka kazi hii aliingia akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Kabla ya kuandikiwa mkataba alipelekwa mbele ya wakuu wa Chama wamjaribu Kilatini chake, maana kitabu cha dawa kiliandikwa kwa Kilatini na matabibu waliandika vyeti vyao kwa Kilatini. Wazazi walilipa ada, ambayo kwa watu wa kawaida haikuwa ndogo. Kisha mwanagenzi alihamia nyumbani kwa bwana wake kwa miaka isiyopungua saba. Katika muda huo hakuruhusiwa kuoa, wala kucheza kamari, wala kuzurura katika vilabu vya pombe. Wanafunzi mnaolalamikia kanuni za bweni nadhani mmeelewa.

Kazi ya mwanzo ilikuwa ya mikono. Alifagia duka, akaosha magudulia, akatwanga mizizi na kuchekecha unga wake. Baadaye alijifunza kuchemsha shira, kukoroga marhamu, kufinyanga vidonge na kuvukiza maji ya maua. Ilimpasa kujua dawa ipi huharibika kwa unyevu na ipi kwa mwanga, na mzizi gani huchimbwa majira gani. Mambo haya hayapatikani kitabuni peke yake, na ndiyo sababu waliiweka miaka mingi namna ile.

Hesabu ya vipimo ilikuwa shule nzima. Ratili ya dawa ilikuwa na aunsi 12, si 16 kama ile ya mwuza sukari. Aunsi moja ilikuwa na drakma 8, drakma moja skrupuli 3, na skrupuli moja chembe 20. Kwa maandishi, alama ya drakma ilifanana na tarakimu 3, na alama ya aunsi ilikuwa kama hiyohiyo iliyoongezwa mkato juu yake. Kijana mwenye haraka akiziona mbili hizo kuwa moja, kipimo huzidi mara nane. Kwa tangawizi hakuna neno. Kwa afyuni ni msiba.

Halafu palikuwa na masomo ya porini. Katika miezi ya joto wanagenzi walitoka mjini pamoja na wakubwa wao kutafuta mimea, kuitaja majina na kueleza matumizi yake. Aliyesifika sana kwa safari hizi alikuwa Thomas Johnson, mwuza dawa wa mtaa wa Snow Hill. Mwaka wa 1629 alikwenda Kent pamoja na wenzake tisa kutafuta mimea, akachapisha habari za safari hiyo. Johnson huyo ndiye aliyeletewa mkungu wa ndizi kutoka kisiwa cha Bermuda mnamo Aprili 1633. Aliutundika dukani kwake ukaiva mwezi wa Mei, na watu wa London wakaenda kuutazama kama ajabu. Mtoto wa Bukoba au wa Rungwe angelicheka, lakini mwenzetu alichora ndizi zile, akaeleza umbo na ladha yake, akazitia katika kitabu kikubwa cha mimea alichokitoa mwaka ule ule. Alikuwa amekwisha kufaulu mtihani wake, na bado alikuwa akisoma.

Mwaka wa 1673 Chama kilikodi shamba huko Chelsea, kando ya mto Thames, likawa bustani ya kufundishia. Kodi na matunzo yakawaelemea. Hatimaye tabibu Hans Sloane, aliyekuwa amelinunua eneo lote, aliwapa bustani hiyo mwaka wa 1722 kwa pauni 5 kwa mwaka daima dumu. Aliweka sharti kwamba kila mwaka wapeleke mimea 50 iliyokaushwa, ya aina tofauti, kwa Jamii ya Kifalme ya wanasayansi mpaka itimie 2,000. Bustani hiyo ingali ipo hadi leo.

Siku ya mtihani

Mwanagenzi alipotimiza miaka yake, hati ya 1617 ilimtaka asimame mbele ya Mkuu wa Chama na wasaidizi wake, na tabibu kutoka Chuo cha Matabibu akialikwa kuhudhuria. Hakukuwa na karatasi ya maswali wala chumba chenye madawati. Aliulizwa kwa mdomo, na mambo ya kuulizwa yalitajwa katika hati yenyewe: kuzijua na kuzichagua dawa asilia, kuzitayarisha, kuzipima na kuzichanganya. Jambo la kuchagua lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Mbele ya mwuza dawa huletwa mizizi miwili inayofanana, mmoja mpya na mmoja uliolala bohari miaka mitatu, au mmoja wa kweli na mmoja wa kughushi. Akikosea hapo, ufundi wote unaofuata ni bure.

Aliyefaulu aliweza kufungua duka. Hata hivyo macho hayakuondolewa kwake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wazee wa Chama walilijua hilo. Waliyazungukia maduka ya wanachama wao, wakafungua magudulia, wakanusa na kuonja. Dawa mbovu ziliteketezwa na mwenye duka akatozwa faini. Kuanzia miaka ya 1670 Chama kilikuwa na kiwanda chake katika jumba lake la Blackfriars, ambako dawa za kemikali zilitengenezwa chini ya uangalizi wa pamoja, ili mnunuzi aweze kuziamini. Jumba lenyewe lilikuwa limeteketea katika moto mkuu wa London wa mwaka 1666, wakalijenga upya.

Mpaka hapa jibu la swali la mwalimu wetu ni rahisi. Mtihani ulikuwa kwa faida ya mgonjwa. Laiti ningeweza kuishia hapa.

Ukuta wa Kilatini

Mwaka wa 1634 kijana mmoja aliyewahi kukaa Chuo Kikuu cha Cambridge, Nicholas Culpeper, aliingia uanagenzi kwa mwuza dawa wa London. Hakuumaliza, wala hakusimama mbele ya watahini. Alifungua kazi Spitalfields, nje ya mipaka ya mji, akawatibu maskini kwa mimea ya karibu waliyoweza kuichuma wenyewe. Mwaka wa 1649 alifanya jambo ambalo matabibu hawakumsamehe: alikichukua kile kitabu chao cha dawa, akakifasiri kwa Kiingereza na kukichapisha. Mwaka wa 1652 akatoa kitabu kingine cha mimea kilichouzwa kwa bei ndogo, na ambacho kimechapishwa tena na tena hadi leo.

Matabibu walimshambulia kwa maneno makali. Ukiyasoma mashambulizi yale kwa utulivu utaona mambo mawili yamechanganywa. La kwanza ni la haki, kwamba mtu asiyefunzwa akipewa kitabu cha dawa anaweza kujiua. La pili halikusemwa waziwazi, nalo ni kwamba mgonjwa akisoma mwenyewe kilichomo katika dawa yake atajua pia thamani yake. Kilatini kilikuwa kipimo cha elimu ya mwanagenzi, na wakati huohuo kilikuwa ukuta wa duka.

Kisa cha pili chatuhusu sisi watu wa nchi za homa. Malaria ilikuwapo Uingereza, katika mabwawa ya Essex na Kent. Dawa yake ya kweli ilikuwa maganda ya mti wa sinkona kutoka Peru, ambayo ndiyo asili ya kwinini. Waprotestanti wengi waliyashuku kwa sababu yaliletwa Ulaya na mapadre Wajesuti, tena walaghai walichukua maganda ya miti mingine wakayatia uchungu wa shubiri. Mnunuzi alionja uchungu, akaridhika, kama sisi kwenye foleni ya zahanati.

Palikuwa na mtu aitwaye Robert Talbor, aliyeanza uanagenzi kwa mwuza dawa wa Cambridge kisha akauacha. Alikwenda kukaa Essex, akawajaribu wagonjwa wa homa kwa vipimo mbalimbali, akapata dawa ya siri iliyoponya kweli. Mwaka wa 1672 aliandika kitabu akiwaonya watu juu ya unga wa Wajesuti. Matabibu walimwona kuwa tapeli. Lakini Mfalme Charles wa Pili alimpa cheo mwaka wa 1678, akakitaka Chuo cha Matabibu kisimsumbue, na mwaka uliofuata Talbor akamtibu Mfalme mwenyewe. Louis wa 14 wa Ufaransa aliinunua siri kwa sharti kwamba isitolewe mpaka mwenyewe afe. Talbor alifariki mwaka wa 1681, na siri ilipochapishwa mwaka wa 1682 ilionekana kwamba dawa ilikuwa maganda yaleyale ya sinkona aliyowaonya watu nayo, yaliyolowekwa katika mvinyo.

Tufundishwe nini na Talbor? Hakuwa amefaulu mtihani, naye alijua kipimo cha dawa ya homa kuliko wengi waliofaulu. Na kwa kuwa hakufungwa na chama chochote, hakuna aliyeweza kumlazimisha aseme kilichomo ndani ya chupa. Maskini wa Essex na Kent waliendelea kuugua wakati siri ikiuzwa kwa wafalme. Mtihani wa London ulishindwa kumtambua, lakini ukosefu wa mtihani nao uliwanyima watu dawa.

Mchinjaji na deni lake

Tauni kubwa ilipoingia London mwaka wa 1665, matabibu wengi waliwafuata matajiri wao mashambani. Wauza dawa wengi walibaki. Mmoja wao, William Boghurst, aliwahudumia wagonjwa wa tauni na kuacha maandishi ya aliyoyaona. Watu hawakusahau nani alifungua mlango na nani aliufunga. Tena ada ya tabibu ilikuwa kubwa, hata mtu wa kawaida akiugua alikwenda moja kwa moja dukani kuuliza ale nini, anywe nini.

Hilo ndilo matabibu hawakulitaka. Kwao mwuza dawa alipaswa kutengeneza alichoandikiwa, basi. Mwaka wa 1669 tabibu Christopher Merret alitoa kijitabu cha kuwashutumu wauza dawa kwa udanganyifu, na mwishoni mwa karne Chuo cha Matabibu kikafungua zahanati ya kuwauzia maskini dawa kwa bei nafuu. Mzozo ulifika kileleni kwa kesi ya William Rose. Rose alikuwa mwuza dawa, na mgonjwa wake alikuwa mchinjaji aitwaye John Seale. Mchinjaji alipoletewa hesabu ya dawa ya pauni 50 hivi, naye bado mgonjwa, alikwenda kushtaki kwa matabibu. Wao wakampeleka Rose mahakamani kwa kosa la kutibu bila kibali. Alishindwa. Akakata rufaa mbele ya Baraza la Malodi, na mwaka wa 1704 hukumu ikageuzwa. Tangu hapo mwuza dawa aliweza kumshauri mgonjwa, ila alitoza dawa tu, si ushauri.

Shauri hilo liliwafaa watu wengi, lakini lilizaa kasoro yake. Mtu asiyelipwa kwa ushauri hulipwa kwa wingi wa chupa, basi chupa zikaongezeka. Mwaka wa 1776 Adam Smith aliandika kwamba mwuza dawa ndiye tabibu wa maskini, na kwamba dawa zake za mwaka mzima huenda zisimgharimu zaidi ya pauni 30 au 40. Akizuiza kwa mamia, kinachoitwa faida huwa kwa kweli ni mshahara wa ujuzi wake. Smith huyohuyo hakupenda uanagenzi wa miaka mingi, kwa kuwa aliuona kuwa njia ya vyama kupunguza washindani.

Mlango uliofungwa baada ya mtu mmoja kupita

Sheria ya Bunge ya mwaka 1815 ilikipa Chama cha Wauza Dawa kazi ya kutahini Uingereza na Wales yote. Uanagenzi ukawa miaka mitano, na mtahiniwa akatakiwa kuwa na vyeti vya masomo kama anatomia na kemia. Mshairi John Keats alifaulu mtihani huo Julai 1816, kisha akaiacha kazi kwa ajili ya ushairi.

Miaka 50 baadaye, Elizabeth Garrett aliomba kutahiniwa. Vyuo vya udaktari vilikuwa vimemkataa kwa kuwa ni mwanamke. Yeye alitimiza uanagenzi wake na kusoma masomo yote kwa walimu wa faragha, akaonyesha vyeti. Chama kilisita, lakini wanasheria waliona kwamba maneno ya hati hayakuwataja wanaume peke yao. Mwaka wa 1865 alitahiniwa, akafaulu. Chama kikabadili kanuni: asipokelewe tena mtu aliyesomea faragha, bali aliyepita katika vyuo vinavyotambuliwa, ambavyo havikuchukua wanawake. Hakuna aliyedai kwamba Elizabeth Garrett hakujua dawa. Mtihani ulikuwa umempima vizuri, na kosa lake lilikuwa kufaulu.

Hapo jibu la swali la mwalimu wetu hugawanyika. Mtihani uleule uliomlinda mgonjwa asiuziwe mzizi uliooza uliweza pia kuwalinda waliomo ndani dhidi ya walio nje. Kwa macho hutofautishi. Maswali ni yaleyale, meza ni ileile.

Nasema haya si kwa kuwacheka Waingereza. Katika kazi yangu nimeketi mara nyingi upande wa pili wa meza ya usaili. Mwaka mmoja tulikuwa tukitafuta mtunza bohari wa dawa. Aliingia kijana mmoja tukamwuliza kwa Kiingereza, naye akababaika, akasema maneno matatu manne, akanyamaza. Tulimpa alama za chini, nami nikatia sahihi. Saa sita nilipotoka kunawa nilimkuta ukumbini akimweleza mwenzake, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa nini chanjo haziwekwi kwenye mlango wa jokofu, na kwa nini kasha lililotangulia kwisha muda hutolewa kwanza hata kama liliingia mwisho. Ndiyo maswali tuliyomwuliza. Nilirudi chumbani, nikaketi, tukamwita anayefuata. Sikusema neno. Kila nilipolikumbuka lile kasha lililokwanguliwa tarehe, nilimkumbuka na kijana yule.

Wanafunzi mlioko shuleni sasa mtahiniwa sana, na huenda mkauchukia mtihani. Msiuchukie. Mmeona kwamba mahali asipokuwapo mtu aliyepimwa, mtoto hunyweshwa chochote kilichomo kwenye kasha. Jifunzeni kama mwanagenzi aliyejua kwamba kati ya drakma na aunsi kuna maisha ya mtu.

Lakini kwa wenzangu tuliopita hapa, ambao leo ndio wenye meza, nina ombi moja. Tutakapokutana kwenye mkutano wetu, wengi miongoni mwetu watakuwa watu wanaotunga maswali, wanaosahihisha, wanaotia sahihi. Kila mmoja ajiulize juu ya swali analolitunga kama linampima mtu kwa ajili ya yule mgonjwa aliye nje dukani, au kwa ajili yetu tulio ndani. Mimi nimekwisha kuomba kwamba usaili wa kazi za bohari ufanyike kwa lugha ambayo mtahiniwa ataitumia kazini. Sijajibiwa. Nitaomba tena.